Kiti cha Pili

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye alimwita hivyohivyo, kana kwamba lile jina alilopewa na mama yake lilikwisha chakaa. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari. Alianza usichanani, katika karakana ya mjomba wake, akiokota vipande vya ngozi chini ya meza. Sasa mvi zilikuwa zimemwingia juu ya paji la uso, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na sugu ngumu kama kokwa, pale sindano inaposukumwa. Kiti kikimfika mikononi kilimsimulia habari za mwenyewe. Huyu hukaa upande, anaumwa mgongo. Huyu hula huku akiendesha. Huyu mkewe ni mzito na hapendi kuambiwa.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Alipuliza rangi magari ya watu kwenye gereji iliyo nyuma ya soko, na jioni akipenga kamasi ungejua gari la siku hiyo lilikuwa jekundu au la bluu. Watu walimwita Spoti. Sababu ya jina hilo ilikuwa imeegeshwa uani, chini ya mabati: gari la spoti la zamani, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, limejibana chini kama paka anayenyemelea panya. Alilipata likiwa gofu, mwaka waliooana, kutoka kwa tajiri aliyetaka tu limwondokee mbele ya macho. Injini ilifufuka, ikafa, ikafufuka tena. Bodi ilinyooshwa kwa nyundo na subira. Lakini ndani palikuwa pameoza. Panya walikuwa wamezalia kwenye springi, ngozi ilipasuka kama midomo ya mwenye homa, na kitambaa cha dari kilining'inia hadi kumgusa dereva utosini.

"Nje kwangu, ndani kwako," Spoti alimwambia enzi zile, mkono wake ukiwa kiunoni mwake. "Siku likikamilika tutakaa humo mimi na wewe, na wa tatu hatapata hata pa kuegesha tako."

Fundi alicheka. Maneno hayo alikaa nayo miaka, kama mtu anavyokaa na kipande cha sabuni nzuri kabatini, hakitumii, anakinusa tu na kurudisha.

Watoto hawakujaliwa. Gari likabaki kuwa ndiye mtoto, na kama mtoto wa mzee, lilidekezwa likapitiliza. Kisha mwaka mmoja, bila kutangaza, Spoti akawa na haraka. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi ili mvi zisichomoze. Kila baada ya siku mbili tatu alipita duka la vipuri akarudi na skrubu moja ndogo ndani ya karatasi, wakati kopo zima la skrubu lilikuwa jikoni.

"Fundi, ndani lini?" akawa anauliza. "Nje kumekwisha. Ndani lini?"

"Ulikaa nalo miaka yote likiwa na panya, leo limekuwa na mimba?"

"Nakuuliza jambo, unanijibu vichekesho."

Basi Fundi akavifungua vile viti viwili, akaviingiza sebuleni, maana uani kulikuwa na vumbi. Alivivua nguo zake kuukuu, akachomoa misumari midogo kwa koleo, akatoa gunia lililooza na viota vya panya. Springi alizipiga brashi ya waya, zile zilizolegea akazifunga upya kwa kamba, akaivuta kwa meno hadi fizi zikamuuma. Juu yake akatandaza gunia jipya, kisha sponji. Na juu ya kabati kulikuwa na ngozi, moja tu, laini, rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa ameitunza tangu ujana, akiishusha mara kwa mara na kuikunja upya ili isivunjike mikunjo. Madereva wenye madaha waliwahi kuiomba. Akawaambia ina mwenyewe.

Kiti cha gari la namna hiyo si kama benchi la basi. Mtu analala zaidi ya kukaa, na kiti kikimpwaya atarushwa huku na huku kwenye kila kona. Hivyo fundi anayejua kazi humkalisha mwenye kiti juu ya sponji tupu, akamchora kwa chaki kuzunguka nyonga, mapaja na mgongo, kama anayechora ramani ya kisiwa, kisha hukata kwa kufuata mchoro. Fundi alimkalisha mumewe, akamchora. Kiti cha pili hakuuliza ni cha nani. Kwa nini aulize? Alijifungia sebuleni, akakaa mwenyewe, akajichora. Akajicheka: mwanamke mzima, anajipima kama bibi harusi. Kisha akaikunjua ile ngozi mezani na kukata.

Kiti kilipokamilika aliita watu wa nyumbani waje kukiona, yaani mumewe na wifi yake, dada mkubwa wa Spoti, aliyekuja kila wiki kuona kama nyumba ya kaka yake bado imesimama.

Spoti alikizunguka kiti. Aliminya sponji pembeni kwa vidole viwili, kama anayeminya tunda asilotaka kulinunua.

"Mbona kipana hivi?"

"Nimekuwa mpana," Fundi akasema. "Au nikae nusu, nusu nyingine niitoe dirishani?"

Alingoja acheke. Aliyecheka ni wifi.

"Gari la mbio ukilipakia magunia si limekuwa lori, kaka?"

Spoti hakucheka hata na hilo. "Nani alikwambia kiti hiki ni chako?"

Wifi akainamisha uso, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Viti viwili," Fundi akasema polepole. "Na humu ndani tuko wawili."

"Kuna mtu atakuja kupimwa. Kifumue."

"Mtu gani?"

"Mtu. Wewe ni fundi au askari?"

Akatoka. Wifi naye akainuka, na alipofika mlangoni akaona haya kuondoka bila neno, akasema neno ambalo afadhali angeondoka bila. "Wifi, usijiumize. Mwanamume akikosa mtoto wa kumbeba mgongoni, hutafuta wa kumbeba kwenye gari. Shukuru ngozi ni pana. Ya kupunguza ipo. Ingekuwa nyembamba ndipo ungelia."

Kwa hilo alisema kweli. Kilichokatwa kwa mwili mkubwa hupunguzwa kikamtosha mdogo.

Yule mtu alikuja siku ya mapumziko, mchana. Alikuwa binti wa duka la vipuri, mwembamba, shingo ndefu, kucha safi kwa mtu anayeuza bolti. Spoti alimwingiza sebuleni akiwa amevaa shati ambalo Fundi alilipiga pasi asubuhi.

"Karibu, karibu. Huyu ndiye dada yangu niliyekwambia. Kwa viti hana mpinzani."

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti alichokwisha kukivua ngozi, mkasi mkononi, uzi mdomoni. Alimtazama mumewe. Macho ya Spoti yalikuwa makavu na mapana, yanasema: jaribu uone.

Binti akainama. "Shikamoo, dada."

Kulikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha, na alikuwa nalo. Lakini mtu huzoea kusikilizana na uso fulani miaka mingi, na ule uso ukikukaripia, ulimi hutii kabla yako.

"Marahaba," Fundi akasema.

Spoti akashusha pumzi, akasema anakwenda kutafuta spana.

Wakabaki wawili. Binti akakaa kwenye sponji. Fundi akachukua chaki, akaanza kumchora kuzunguka nyonga. Duara lilikuwa dogo, likalala ndani ya lile duara lake la zamani lililokuwa halijafutika vizuri, kama kikombe juu ya sahani. Alimaliza upande mmoja. Mkono ukamgoma.

"Mimi si dada yake," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi ni mkewe."

Binti hakushtuka. Aliweka nywele nyuma ya sikio.

"Najua."

"Unajua?"

"Mtaa huu wote mnakuja kununua vipuri kwangu, dada. Nilijua kabla hajanidanganya. Yeye ndiye hajui kwamba najua." Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza kwamba duka hufungwa saa kumi na mbili. "Lakini mama yangu hataniozesha kwa mwenye mke. Kwa hiyo acha ibaki hivyohivyo, wewe dada. Si ndivyo ulivyojibu mwenyewe? Mimi shikamoo yangu niliitoa, ungeweza kuikataa."

Fundi alibaki na chaki hewani.

"Upande huu hujamaliza," binti akasema. "Nichore vizuri, tafadhali. Kikinipwaya nitarushwa."

Akamchora vizuri. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kuliko hata lile neno: mkono wake haukujua kufanya vibaya. Alifumua mshono, akapunguza ngozi kwa mkasi mrefu, na vipande vyembamba vilivyokuwa nyonga zake vikaanguka sakafuni. Alishona upya kwa mishono midogo iliyolingana, akavuta kona, akagonga misumari, akapiga pasi ya mvuke hadi mikunjo yote ikalala. Spoti aliporudi akamkalisha binti.

"Kimekukaa?"

"Kimenikaa kama ngozi yangu."

"Ahsante sana, dada," Spoti akamwambia mkewe, na meno yake yalikuwa nje yote.

Tangu siku hiyo Fundi akaanza kumwita kaka. "Kaka, maji ya kuoga tayari." "Kaka, chakula mezani." Alihamishia mto wake kwenye chumba cha cherehani, kwa kuwa dada halali na kaka yake. Mwanzoni Spoti aliona ni utani, halafu akaona ni kisirani, halafu, Mungu amsamehe, akaona ni nafuu. Nyumba ilikuwa tulivu. Alikula, akavaa nguo safi, hakuulizwa ametoka wapi. Wifi alipouliza hii kaka-kaka inatoka wapi, Fundi akamjibu, "Nimeambiwa tumezaliwa pamoja. Wewe dada mkubwa ungekumbuka."

Mambo yangeenda hivyo kama si mama yake yule binti. Mama huyo alikuwa mjane, kalea mwenyewe, na wanaume aliwapima kama anayepima maziwa yasije yakawa na maji. Spoti alipokwenda kujitambulisha, mama huyo alimkatiza katikati.

"Mwanamume akijisifu ni chura ndani ya ndoo, kelele ni zake na mwangwi ni wake. Binti yangu anasema una dada unayeishi naye. Mlete huyo. Dada wa mtu ndiye anayejua mtu."

Spoti alirudi nyumbani mdogo kama kuku aliyenyeshewa. Akasimama kwenye mlango wa chumba cha cherehani.

"Ni mara moja tu. Useme mawili matatu, turudi."

"Nitakuja, kaka."

Alikubali upesi mno. Mume mwingine angejiuliza. Spoti hakuwa na desturi hiyo.

Kwa kweli Fundi alikuwa amekwisha kuamua. Alioga, akavaa gauni lake la heshima, na mdomoni alibeba sentensi moja iliyonyooka: mimi ndiye mkewe. Ataisema mbele ya yule mama, hata dunia ipasuke. Alichotaka ni hicho tu. Hakutaka tena kiti wala gari. Alitaka mtu mmoja chini ya jua hili amsikie akiitwa alivyo.

Wakaenda na gari. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda likiwa limekamilika, kasoro dari tu, na alikaa kwenye kiti alichomkatia mwingine. Kilimbana nyonga. Kila kona ukingo wake mgumu ulimchoma ubavuni, akajua ni kazi yake, na kwamba ni kazi nzuri. Watu wa barabarani waligeuka kulitazama. Spoti alipiga honi kwa wasiomgeukia.

Nyumba ya mjane ilikuwa na sebule ndogo, vitambaa vyeupe migongoni mwa viti. Binti alileta chai akarudi kukaa kwenye kigoda, macho sakafuni. Mama alimtazama Fundi kwa muda, akamtazama vidole.

"Wewe unafanya kazi," akasema. "Nimeona mikono. Basi niambie mimi kama mama mwenzangu. Kaka yako ana mke?"

Ile sentensi ikapanda hadi kwenye meno. Fundi akamtupia jicho mumewe. Alikuwa amekamata kikombe kwa mikono miwili, jasho limemtoka juu ya mdomo, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja kitu. Akamhurumia. Huruma ni ugonjwa, hauulizi ratiba. Akawaza: kwa nini niseme mimi? Na aseme yeye. Nitamwachia mlango ulio wazi kabisa, mpana hata kipofu angepita, na yeye atapita, maana hakuna mtu awezaye kuusikia uongo wa namna hiyo akanyamaza.

"Alikuwa naye, mama," akasema. "Amekufa."

Akangoja.

Spoti aliweka kikombe chini. Alimtazama mkewe, kwanza kwa mshangao, halafu kwa kitu kilichofanana na shukrani.

"Ndiyo, mama," akasema. "Mungu alimpenda zaidi."

Binti kwenye kigoda akatoa pumzi ndefu.

"Ah, pole, mwanangu," mjane akasema, na sauti yake ikalainika kwa mara ya kwanza. "Pole sana. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Na Spoti akaanza kusema. Pengine mwanzoni alitafuta tu maneno ya kupita, lakini maneno yakampata yeye. Alisema mara ya kwanza alipomwona, mke alikuwa amelala chali chini ya kiti cha basi bovu, akaona miguu tu, akaipenda miguu kabla ya kuuona uso. Alisema alikuwa akilala mguu mmoja nje ya shuka, hata baridi iweje, na yeye alikuwa akiamka kuufunika. Alisema akishona huuma mdomo wa chini, na kwamba mara nyingi yeye alisimama mlangoni akimtazama, mwenyewe hana habari, na akaondoka kimya asije akamkatiza. Machozi yakamtoka. Yalikuwa ya kweli.

"Hukuwahi kumwambia?" mjane akauliza.

"Tulikuwa na kazi nyingi, mama."

Fundi alisikiliza. Miaka yote aliishi na mtu huyu akidhani haonwi, kumbe alionwa kila siku, kila kitu, hadi mguu. Kilikuwapo. Kilihifadhiwa mahali, kikangoja awe maiti ndipo kitolewe, na kitolewe kama nauli ya kumfikia mwingine. Naye akaanza kulia, kwa sauti, mabega yakimtikisika.

Mjane akamshika mkono. "Lia, mwanangu. Mlipendana na wifi yako?"

"Tuliishi nyumba moja," Fundi akasema. "Sikupata kumjua vizuri."

Binti akaja na bilauri ya maji, akapiga goti mbele yake. "Pole, dada," akasema, na hakumtazama machoni.

"Aliteseka?" mjane akamuuliza Spoti.

"Hapana, mama. Alikwenda polepole."

Wakaombea marehemu. Spoti aliinamisha kichwa chini sana. Halafu mjane akafuta macho, akasema mwanamume anayemlilia mkewe hivi hawezi kuwa mbaya, na shauri likaisha.

Njiani kurudi Spoti alipiga mbinja. Alipigapiga usukani kwa vidole.

"Umeniokoa! Hilo la kufa umelitoa wapi? Mimi nilidhani leo unaniumbua." Akamgusa bega. "Wewe ni mtu, Fundi. Nitakutazama, usiogope. Chumba cha cherehani ni chako hadi uzeeni. Leo upike kitu kizuri, mke wangu."

Mke wangu. Lilimtoka hivihivi, kama senti kutoka mfuko uliotoboka.

Walipofika, Fundi hakuingia jikoni. Alikwenda chumba cha cherehani, akafungua skrubu mbili, akakinyanyua kichwa cha cherehani kutoka mezani kwake. Akakifunga ndani ya shuka pamoja na mkasi na kopo la sindano. Akajitwisha. Jua lilikuwa bado liko juu, na majirani walikuwa barazani kwao wakichambua mboga.

"Unakwenda wapi na hiyo mashine?" Spoti akauliza, amesimama mlangoni, shati limetoka nje ya suruali. "Si nimekwambia una chumba?"

"Marehemu hana chumba, kaka."

"Utani umezidi sasa. Rudi."

"Umemsifu vizuri," Fundi akasema. "Mimi nisingeweza kumsifu hivyo. Usiongeze neno, utaharibu."

Akavuka kizingiti, akapita kando ya gari bila kuligusa, akashika barabara. Mzigo ulikuwa mzito, ukamlazimu kutembea shingo wima. Majirani wakaacha mboga. Spoti akafika hadi langoni, akafungua kinywa kumwita, na kinywa kikabaki wazi, kwani mbele ya watu hawa wote hakujua amwite nani. Akimwita dada, wangemcheka. Mke alikuwa amekwisha kumzika na machozi juu.

"Fundi!" akapaza sauti mwishowe. "We Fundi! Dari je? Dari bado haijashonwa!"

Jirani mmoja akaangua kicheko. Fundi aliendelea kutembea, mkono mmoja umeshika mzigo, wa pili ukijifuta uso.